Uganda: Mbegu ya Soya Iliyoshinda Kutu

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuwaletea habari za mikataba, mishahara na migogoro ya kazi. Safari hii tunavuka mpaka kwenda Uganda kutazama jambo ambalo kwa juu juu huonekana kuwa la wataalamu na wakulima peke yao, nalo ni jinsi wenzetu walivyopata aina mpya za soya zenye mavuno mengi na mafuta ya kutosha. Tumelichagua kwa sababu linamgusa mfanyakazi mahali patatu: jikoni kwake, kwenye kiwanda cha kukamulia mafuta, na shambani anakobeba bomba la dawa mgongoni.

TUANZE NA JIKONI

Mwaka 2022 kila mwenye familia aliona bei ya mafuta ya kula ikipanda bila huruma. Vita vya Ukraine, nchi kubwa kwa mafuta ya alizeti, vilipamba moto mwezi Februari mwaka huo. Mwezi Aprili Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya mawese, ikazuia mafuta hayo yasiuzwe nje, na zuio likadumu mpaka Mei. Habari hizo zilifika hadi kwenye duka la mtaani. Mama aliyezoea kununua mafuta ya kupima alikuta kipimo ni kile kile na bei ni nyingine, wakati mshahara ndani ya nyumba haukuongezwa hata senti.

Nchi zetu za Afrika Mashariki hununua nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Kwa hiyo neno moja likisemwa Jakarta, sahani ya kibarua wa mkonge au wa chai inapungua. Ardhi tunayo, na mikono ya kazi tunayo. Yafaa tujiulize: kinachokosekana ni nini?

Wazee wetu waliona jibu mojawapo kwa macho yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, kwa sababu ya uhaba wa mafuta kwao baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa mamia na miti ikang'olewa. Lakini udongo, mvua na mbegu havikuwa vimejaribiwa vya kutosha. Mpango ulikufa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Waliokuja na fedha na mashine walisahau kwamba mafuta hayaanzii kwenye trekta. Yanaanzia kwenye mbegu inayoijua ardhi ile na mvua ile.

Wenzetu wa Uganda, nusu karne baadaye, walilazimika kuanza na mbegu. Hawakuwa na njia nyingine.

KUTU YAINGIA

Mwaka 1996 ugonjwa wa kutu ya soya ulionekana Uganda. Ni ugonjwa wa ukungu, uliojulikana Asia kwa miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Huanza kama vidoa vidogo vya rangi ya kahawia upande wa chini wa jani. Vidoa vikipasuka hutoa vumbi jepesi sana, na vumbi hilo ndilo mbegu ya ukungu. Upepo hulibeba kutoka shamba hadi shamba, na kutoka nchi hadi nchi. Majani hugeuka njano na kudondoka kabla ya wakati, maganda hubaki na punje nyembamba zilizosinyaa, na mengine hubaki matupu. Shamba likishambuliwa mapema, mkulima anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno yake.

Kutoka huko ugonjwa ulisambaa haraka. Mwaka 1998 ulikuwa Zambia na Zimbabwe, mwaka 2001 Afrika Kusini, na mwaka huo huo ukaonekana Amerika ya Kusini. Mwaka 2004 ulifika Marekani.

Aina za soya zilizokuwa zikilimwa Uganda wakati ule hazikuwa na kinga. Dawa ya kuua ukungu ilikuwepo, lakini shamba lilihitaji kupuliziwa zaidi ya mara moja kwa msimu. Mkulima wa ekari moja hawezi kulipa gharama hiyo. Na palipo na shamba kubwa lenye uwezo wa kulipa, anayebeba bomba ni nani? Ni kibarua. Wengi wenu mnaosoma hapa mmepulizia dawa bila glavu, bila kinyago, upepo ukiwarudishia sumu usoni. Mmea wenye kinga yake mwenyewe unampunguzia mfanyakazi mizigo ya sumu, na hiyo ni faida ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu vya tajiri.

Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na kituo cha utafiti cha Namulonge waliingia kazini. Aliyeongoza kazi ya soya kwa miaka mingi ni Profesa Phinehas Tukamuhabwa wa Makerere. Mwaka 2004 zilitolewa kwa wakulima aina mbili zenye uwezo wa kustahimili kutu: Namsoy 4M na Maksoy 1N. Zikafuata Maksoy 2N mwaka 2008, Maksoy 3N mwaka 2010, Maksoy 4N na 5N mwaka 2013, kisha Maksoy 6N mwaka 2017. Hesabu miaka, ndugu msomaji. Tangu ugonjwa kuonekana hadi mkulima kupata mbegu mpya ilipita miaka minane. Mbegu haiagizwi kama spea ya mashine.

KWA NINI WASILETE MBEGU KUTOKA MAREKANI?

Swali hili ni la haki. Marekani na Brazil huvuna soya zaidi ya tani 3 kwa hekta, na sisi tunahangaika kupita tani moja. Kwa nini tusichukue mbegu yao tukapanda?

Soya ni mmea unaosoma saa za jua. Hutoa maua pale usiku unapokuwa mrefu kiasi fulani. Mbegu iliyozoea majira ya kaskazini, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu sana, ikiletwa karibu na ikweta huona kwamba wakati wa maua umefika tangu siku za mwanzo. Mmea huchanua ukiwa mfupi mno, huzaa maganda machache, na kazi yote imekwisha. Brazil nayo ilikumbwa na tatizo hilo. Ilibidi watafiti wao watafute aina zinazochelewa kuchanua hata siku zikiwa fupi, ndipo soya ikaweza kutoka mikoa ya kusini na kwenda hadi Mato Grosso, karibu zaidi na ikweta.

Kuna sababu ya pili, nayo iko chini ya ardhi. Soya, kama kunde na maharage, hujitengenezea mbolea kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Lakini aina nyingi za soya za Marekani huchagua bakteria wao, na bakteria hao ni nadra katika udongo wa Afrika. Bila wao mmea unadai mbolea ya chumvichumvi, na mbolea hiyo ina bei yake. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, ilianza miaka ya 1970 kuchanganya soya za kigeni na zile za Asia zisizochagua, zinazokubali bakteria wa udongo wowote. Mazao ya kazi hiyo ndiyo aina zenye jina la TGx.

Na hapa ndipo Ibadan inapokutana na Kampala. Maksoy 1N, ile iliyowaokoa wakulima mwaka 2004, ni moja ya aina hizo za TGx, iliyoletwa, ikajaribiwa katika mashamba ya Uganda na kuonekana inastahimili kutu. Baadaye ikawa mzazi: ilichanganywa na aina ya kusini mwa Afrika iitwayo Duiker, na mtoto wao ndiye Maksoy 2N.

KAZI YA MIKONO

Watu wengi hudhani mbegu mpya hutoka kwenye mitambo mikubwa. La hasha. Hutoka kwenye vidole vya mtu aliyeinama.

Ua la soya ni dogo kuliko punje ya mahindi, na hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka. Kwa hiyo anayetaka kuunganisha aina mbili lazima aliwahi. Huchukua kitumba ambacho rangi yake ndiyo kwanza inachungulia. Kwa kibanio chenye ncha nyembamba huondoa majani ya ua, kisha huondoa viungo vya kiume vyote kumi bila kugusa kiungo cha kike kilicho katikati. Halafu huchukua ua lililofunguka la mzazi wa pili na kupaka chavua yake pale. Hufunga uzi wenye kibandiko, na kuhamia ua jingine. Maua mengi hudondoka tu. Likishika moja, zawadi yake ni ganda lenye punje mbili au tatu.

Atajuaje kwamba punje hizo ni za mchanganyiko kweli na ua halikujichavusha kwa siri? Kuna hila nzuri. Katika soya rangi ya zambarau ya ua hushinda nyeupe. Mama akiwa wa maua meupe na baba wa zambarau, mtoto halali lazima achanue zambarau. Akichanua nyeupe, huyo ni wa mama peke yake, na hung'olewa.

Kizazi kinachofuata ndicho chenye kazi kubwa. Kila mmea huwa tofauti na mwenziwe, kama watoto wa nyumba moja. Mmoja ana kinga ya kutu lakini hulala chini kwa upepo. Wa pili una maganda mengi lakini hupasuka juani na kumwaga punje kabla mvunaji hajafika. Wa tatu una mafuta mengi lakini punje ni chache. Mchaguzi hupita mstari kwa mstari, huchagua, hupanda tena, huchagua tena. Kila kizazi kinachojichavusha hupunguza tofauti za ndani kwa nusu, hivyo baada ya vizazi vitano au sita mmea hutulia na kuzaa watoto wanaofanana. Uganda ina bahati ya misimu miwili ya mvua sehemu nyingi, kwa hiyo vizazi viwili huweza kupatikana kwa mwaka.

Halafu huja majaribio ya mikoani, katika vituo kama Namulonge, Nakabango karibu na Jinja, Bulindi upande wa magharibi, Ngetta karibu na Lira, na Mubuku kwenye joto la Kasese. Mbegu inayong'ara mahali pamoja na kuanguka pengine haitolewi. Kupalilia, kuvuna, kupura na kupima kilo za kila kipande ni kazi ya vibarua na wasaidizi wa vituo. Majina yao hayaandikwi kwenye cheti cha mbegu, lakini bila uaminifu wao hakuna cheti.

MAFUTA AU PROTINI?

Tuje sasa kwenye mafuta. Punje ya soya iliyokauka ina protini karibu asilimia 40 na mafuta karibu asilimia 20. Aina hutofautiana: nyingine huwa na mafuta asilimia 17, nyingine 22. Mtu angesema: basi chagueni ile ya 22, mwisho wa maneno.

Tatizo ni kwamba protini na mafuta hutoka kwenye chungu kimoja. Vyote hutengenezwa kwa chakula kile kile ambacho majani yamekipika kwa jua. Mmea ukipeleka zaidi kwenye mafuta, mara nyingi hupunguza kwenye protini. Mwenye kiwanda cha mafuta anataka mafuta. Mwenye kiwanda cha chakula cha kuku anataka mashudu yenye protini. Mama anayesaga unga wa uji wa mtoto naye anataka protini. Na mkulima? Yeye hulipwa kwa kilo, wala hakuna anayempimia mafuta mzani unaposoma. Kwa hiyo kuchagua mbegu ni kuchagua pia ni nani atafaidi, na uamuzi huo haufai kuachiwa mnunuzi mmoja.

Tufanye hesabu ya mfano, maana hesabu haina upendeleo. Chukua ekari inayotoa kilo 500 za soya zenye mafuta asilimia 18. Ndani yake mna kilo 90 za mafuta. Tukipata aina ya asilimia 20 lakini mavuno yakabaki kilo 500, mafuta yatakuwa kilo 100. Sasa tuache mafuta kwenye asilimia 18 ile ile, tupandishe mavuno hadi kilo 800. Mafuta yanakuwa kilo 144, na protini nayo imeongezeka, na mkulima ana kilo 300 zaidi za kuuza. Ndiyo maana watafiti wenye busara hutazama kwanza afya ya mmea na wingi wa punje, kisha ndani ya zile zinazozaa sana huchagua zenye mafuta zaidi. Mbegu yenye mafuta mengi ambayo majani yake yameliwa na kutu haina mafuta hata kidogo.

KIWANDANI

Sisi tuliowahi kufanya kazi kwenye mashine za kukamua tunajua jambo moja: mbegu zikikosekana, mashine husimama, na wa kwanza kurudishwa nyumbani ni kibarua wa kutwa. Viwanda vingi vya mafuta katika nchi zetu hufanya kazi chini ya uwezo wao kwa kukosa mbegu za kukamua. Mavuno yakiongezeka shambani, ni zamu za kazi zinazoongezeka kiwandani.

Kuna njia nyingine ya kuongeza mafuta, nayo inapendwa na wenye mitaji. Mashine ya parafujo, inayokamua kwa nguvu, huacha mafuta kama asilimia 6 kwenye mashudu. Kwa kilo 100 za soya zenye mafuta kilo 20, kilo 5 hivi hubaki humo. Kiwanda kinachotumia kimiminika kiitwacho heksani huyeyusha mafuta karibu yote, na mashudu hubaki na chini ya asilimia moja. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini mvuke wa heksani hulipuka kwa cheche moja, na mtu akiuvuta siku nyingi huharibu mishipa ya fahamu: ganzi kwenye vidole na miguuni, kisha miguu kukosa nguvu. Mwajiri anayeleta mtambo wa namna hiyo lazima alete pia upitishaji hewa, vipima mvuke na mafunzo, na haya yaandikwe kwenye mkataba kabla mtambo haujawashwa.

MBEGU NI YA NANI?

Soya hujichavusha, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Mkulima anaweza kuweka mbegu zake na kupanda msimu ujao bila kupoteza sifa za aina, tofauti na mahindi chotara ambayo humrudisha dukani kila mwaka. Hilo ni jema kwa mnyonge. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kampuni za mbegu hazina hamu kubwa na soya, maana mteja akinunua leo huenda asirudi kesho. Tena mbegu ya soya haivumilii ghala lenye joto na unyevu. Ikihifadhiwa vibaya kwa miezi michache huota kwa shida, na mkulima hulaumu aina kumbe kosa ni la ghala.

Basi nani azalishe mbegu hizi? Uganda imeonyesha kwamba ni kazi ya chuo cha umma na kituo cha umma, kwa kushirikiana na wakulima wa kuzidisha mbegu. Na kazi yenyewe haina mwisho. Ukungu wa kutu hubadilika. Kinga inayotegemea chembe moja ya urithi inaweza kuvunjwa, na ndiyo maana watafiti hutafuta kuunganisha kinga kadhaa katika mmea mmoja. Serikali ikikata fedha za utafiti kwa miaka mitatu, hasara haionekani siku ile. Huonekana baada ya miaka minane, ugonjwa mpya ukija na ghala la mbegu likiwa tupu.

Kwa upande wetu tunaona mambo matatu ya kupelekwa kwenye vikao vya matawi. Kwanza, fedha za utafiti wa mbegu za mafuta zidaiwe kwa nguvu ile ile tunayodai nyongeza ya mshahara, maana bei ya mafuta hula nyongeza hiyo. Pili, katika mashamba makubwa, mwajiri aulizwe amepanda aina gani na ina kinga gani, kabla ya kuwakabidhi watu mabomba ya dawa. Tatu, vibarua wa vituo vya utafiti wahesabiwe kuwa wafanyakazi kamili, wenye barua za kazi na haki zote, kwa kuwa miaka minane ya kungoja mbegu hupita mikononi mwao.

Tawi lenye wanachama katika kiwanda cha mafuta au shamba la soya lituandikie hali ilivyo huko, aina inayolimwa na zamu zinazofanyika, ili tuilinganishe na ya wenzetu wa Uganda katika ukurasa huu huu.